Nani anabaki na mtoto siku ya palizi? Njia za kulea watoto kwa hela kidogo bila kuumiza shamba

 

Leo siongelei mbegu wala viwavijeshi. Naongelea watoto. Najua wapo watakaosema, "Afisa ugani na watoto wapi na wapi? Hayo si mambo ya kliniki?" Subiri kidogo. Nikipita mashambani wakati wa palizi, swali ninaloulizwa na kina mama wengi halihusu mbolea. Wananiambia, "Bwana shamba, ushauri wako naujua, kupalilia mapema nakujua. Sasa huyu mtoto nimwache na nani?"

Hilo ni swali la kilimo kabisa. Malezi ya mtoto ni pembejeo kama ilivyo mbegu. Usipoipanga kabla ya msimu, utailipia tu, ila utailipa kwa njia usiyoiona: kwa magunia yaliyopungua, kwa binti aliyekosa shule, au kwa ajali.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye daftari

Tuanze na mahindi. Mahindi yakishaota, wiki ya pili mpaka ya sita hivi ndiyo kipindi ambacho magugu yanaiba zaidi. Yanakunywa maji, yanakula mbolea uliyonunua, yanazuia mwanga. Ukichelewa hapo, hata ukija kupalilia vizuri baadaye, mmea hauwezi kurudisha kilichopotea. Mpunga nao ni hivyo hivyo. Miche ya kitaluni ikifikisha siku 21 inataka kuhamishwa, haikusubiri mpaka mtoto apone mafua.

Sasa mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakwenda shambani naye. Nusu saa analima, robo saa ananyonyesha. Analima tena, mtoto anatambaa kuelekea kwenye mtaro, jembe linawekwa chini. Ukihesabu vizuri, kwenye saa sita za shambani amefanya kazi saa nne tu. Huyo si mvivu, anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja.

Kuna mama mmoja katika maeneo yetu, mumewe yuko Dar es Salaam anatafuta maisha. Ana watoto wawili wadogo. Alipanda eka moja siku moja na jirani yake, mbegu ileile, nafasi ileile, mbolea ileile. Mimi mwenyewe niliwapimia kamba. Jirani ana mama mkwe anayebaki na wajukuu. Kwenye mavuno jirani alitoa magunia 11, huyu mwenzake alitoa 6. Alikuja kuniuliza kama mbegu yake ilikuwa feki. Nikamwambia mbegu ni nzima, tatizo ni kwamba palizi ya kwanza aliimaliza wakati mwenzake anaanza ya pili. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe mama mkwe ana thamani ya magunia matano."

Hilo neno lake ndilo limenifanya niandike makala hii. Wengine hatuna mama mkwe karibu. Tufanyeje?

Tupige hesabu

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano, wewe weka bei za kijijini kwako.

Tuseme eka moja ya mahindi inataka saa 60 za jembe kwa palizi moja. Palizi mbili ni saa 120. Tuseme una siku 20 za kuifanya kazi hiyo kwa wakati, yaani siku 10 kila palizi. Kibarua anafanya saa 6 kwa siku na analipwa shilingi 7,000. Tuseme pia mmeungana kina mama 10 wenye watoto wadogo, na watoto wanahitaji walezi wawili kwa siku.

Njia ya kwanza: unakwenda na mtoto shambani. Unafanya saa 4 kwa siku. Siku 20 ni saa 80. Zimebaki saa 40. Ukitaka kumaliza kwa wakati unahitaji siku 7 za kibarua, sawa na shilingi 49,000. Usipokuwa nazo, ndiyo yale magugu yanakushinda.

Njia ya pili: zamu tupu. Kila siku kina mama wawili wanabaki na watoto, wanane wanakwenda shambani. Kwa siku tano za kazi, kila mmoja anakaa zamu siku moja kwa wiki. Katika siku 20 unapoteza siku 4. Siku 16 zilizobaki unafanya saa 6 kamili, jumla saa 96. Pengo ni saa 24, siku 4 za kibarua, shilingi 28,000. Na kama huna hela kabisa, pengo hilo unaweza kulifuta mwenyewe kwa kuongeza siku nne, au baba akaingia Jumamosi.

Njia ya tatu: mchanganyiko. Mnamlipa bibi mmoja au dada mmoja mtu mzima, shilingi 5,000 kwa siku, na mama mmoja anakaa naye kwa zamu. Kila kaya inatoa 500 kwa siku, siku 20 ni 10,000. Zamu yako inakufikia mara mbili tu katika siku 20, kwa hiyo pengo ni saa 12, siku 2 za kibarua, 14,000. Jumla 24,000.

Njia ya nne: walezi wawili wa kulipwa. Shilingi 10,000 kwa siku kugawa kwa kaya 10 ni 1,000. Siku 20 ni shilingi 20,000, na wewe shambani hukosi hata siku moja.

Umeona? Kwenye karatasi, njia inayoonekana ya bure, ya kwenda na mtoto, ndiyo ya gharama kubwa kuliko zote. Na ile ya kulipa walezi, ambayo wengi wanasema ni ya watu wa mjini, ndiyo ya chini, kwa sababu mmegawana kumi.

Lakini angalia mambo mawili. La kwanza, njia ya nne inataka hela taslimu wakati ambao nyumba nyingi hazina, kwa sababu palizi inaangukia miezi ya njaa. La pili, nimeweka mlezi analipwa 5,000 wakati kibarua analipwa 7,000. Ukimlipa mlezi sawa na kibarua, jumla inapanda mpaka 28,000, sawasawa na zamu tupu. Msimpunje mlezi ili hesabu ipendeze. Mlezi aliyepunjwa ataondoka katikati ya palizi.

Kwa hiyo hakuna njia moja ya wote. Mwenye hela kidogo na siku nyingi achukue zamu. Mwenye eka tatu na hela ya kuuza maharage alipe walezi. Wengi wetu tuko katikati, na mchanganyiko unatufaa.

Jinsi ya kuanzisha kikundi cha zamu

Hili si jambo geni. Ndugu zetu Wapare wana msaragambo, na kila kabila lina namna yake ya kusaidiana kulima na kujenga. Miaka ya 1970, vijiji vingi vya ujamaa vilikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana ili kina mama waende kwenye shamba la kijiji. Waulizeni wazee wenu, wapo waliokunywa uji huko. Mwaka 1981 Bunge lilitunga hata sheria maalumu ya vituo vya kulelea watoto mchana. Sisi tunakumbusha tu.

Fuateni hatua hizi:

1. Anzeni wachache mnaoaminiana. Kaya tano mpaka kumi zinazokaa jirani. Msianze na thelathini.

2. Andikeni majina ya watoto, umri, na ugonjwa wowote unaojulikana: pumu, kifafa, sikoseli, chakula kinachomdhuru. Andikeni na namba ya simu ya mzazi, na jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Asiyeandikwa hampewi mtoto, hata akiwa mjomba.

3. Chagueni mahali. Pazuri ni nyumbani kwa mwanachama mwenye ua, kivuli na choo, mbali na mfereji na mbali na barabara kuu. Hii barabara ya Segera kwenda Same haina mchezo, malori hayasubiri mtoto afuate mpira. Kama mna watoto wanaonyonya, pawe karibu na mashamba ili mama aje kunyonyesha.

4. Walezi wasipungue wawili, hata watoto wakiwa sita tu. Mmoja akienda chooni au akimpeleka mtoto zahanati, mwingine anabaki. Na wawili wanaangaliana.

5. Vifaa vya kuanzia ni vichache: mkeka au turubai, ndoo yenye mfuniko ya maji ya kunywa, kibuyu chirizi na sabuni, sufuria, vikombe, beseni la kuoshea. Vya kuchezea msinunue. Magunzi, vifuniko vikubwa visivyomezeka, mpira wa matambara, gari la mabua. Mtoto anayeimbiwa, anayehadithiwa na kuulizwa maswali anajifunza kuliko aliyewekewa runinga.

6. Kubalianeni saa. Kwa mfano saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana. Anayechelewa kuchukua mtoto alipe kitu, hata kama ni kikombe cha sukari.

7. Wekeni kanuni ya zamu. Hapa ndipo vikundi vingi vinavunjika. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilikufa wiki ya tatu kwa sababu mwanachama mmoja siku ya zamu yake alikwenda gulioni Mombo. Wakakaa, wakaanza upya na kanuni moja: ukikosa zamu unaleta mtu mzima wa badala anayekubalika na wenzako, au unafanya ngwe moja kwenye shamba la aliyekaa badala yako. Tangu hapo wanaendelea. Deni la zamu wanalilipa kwa jembe, halilipwi kwa maneno.

Ikiwa mtakua na kutaka kuwa kituo kamili, kinachopokea watoto wa watu wengine kwa malipo, hapo sheria inaingia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe. Msiogope. Mwoneni afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii, awaeleze masharti. Na hata kikundi kidogo cha zamu, mjulisheni mwenyekiti wa kitongoji. Serikali yenyewe ilizindua mwaka 2021 programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa hiyo mkifika ofisini na jambo hili hamtaonekana watu wa ajabu.

Chakula: hapa mimi ndipo kwangu

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Hakuna uji, hakuna maji. Kwa hiyo mama wa mtoto huyo msimpangie shamba la mbali. Mpeni yeye zamu nyingi za kukaa na watoto, na ninyi mmlimie. Anafaidika na ninyi mnafaidika.

Kuanzia miezi 6 mtoto anaongezewa chakula huku akiendelea kunyonya. Wa miezi 6 mpaka 8 anahitaji kula mara mbili mpaka tatu kwa siku, kuanzia miezi 9 mara tatu mpaka nne. Kwa hiyo saa sita za kikundi lazima ziwe na uji na mlo mmoja.

Gharama yake? Unga ule ambao mtoto angekula nyumbani, mlete hapo. Kila kaya kila Jumatatu iweke kikombe cha unga, kikombe cha maharage au karanga, na mwenye kuku alete yai. Kwenye unga wa uji, acheni huu mtindo wa kuchanganya nafaka nane pamoja na maharage mabichi halafu kuita unga wa lishe. Chukueni nafaka moja, mahindi au mtama au ulezi, mpike uji mzito, halafu mwongeze karanga zilizosagwa, maziwa, au yai wakati wa kupika. Uji mwepesi kama maji unajaza tumbo bila kumjenga mtoto.

Kwenye karanga na mahindi, chambueni. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyobadilika rangi itupeni, msimpe hata kuku. Ukungu huo unaleta sumukuvu, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, wengi wao watoto. Kausheni mahindi juu ya turubai, sio chini kwenye udongo.

Na huu ndio ushauri wangu mkubwa: kikundi kiwe na bustani. Robo eka inatosha, hata nusu ya hapo. Pandeni viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, mchicha, kunde kwa majani na mbegu, mipapai minne pembeni, na migomba pale maji ya kunawia yanapomwagika. Viazi lishe na papai vina vitamini A. Kunde inastahimili ukame wa huku kwetu chini. Bustani hiyo ikikaa vizuri, mchango wa kila wiki unabaki kuwa unga tu. Kinachozidi mnauza, mnanunua sabuni na sukari. Kina mama wa zamu wanaimwagilia asubuhi kabla jua halijawa kali.

Usalama: mfereji, dawa na homa

Hapa nawaomba msome taratibu.

Mfereji. Mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kimo cha goti, na hapigi kelele. Mashamba ya mpunga yana mifereji kila upande. Mtoto anayetembea asiachwe pembeni ya mfereji eti kaka yake wa miaka saba anamwangalia. Kaka mwenyewe ni mtoto.

Dawa za mashambani. Nimeshaona mtoto akikimbizwa hospitali kwa sababu alikunywa dawa ya magugu iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Aliyeihamishia humo alikuwa na nia njema, alitaka kumgawia jirani kidogo. Mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Mwiko kuhamisha dawa kwenye chupa ya kinywaji. Mwiko kutumia kopo la dawa kama kikombe cha maji. Dawa zifungiwe juu, mbali na chakula. Siku ya kupulizia mtoto asiwe shambani kabisa, na aliyepulizia abadilishe nguo na aoge kabla hajambeba mtoto. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa ukadhani ni tiba. Chukua kopo lenye lebo, kimbia naye kituo cha afya. Zipo dawa za magugu ambazo mpaka leo hazina dawa ya kuzipoza mwilini, kwa hiyo kinga ndiyo tiba.

Homa. Hili ni kwa wale mnaoshuka kutoka mlimani. Wazee wa Kisambaa walitofautisha Shambaai na nyika sio kwa kilimo tu. Mtoto aliyelelewa juu kwenye baridi hajazoea malaria ya huku chini. Mkija kulala kwenye vibanda vya mashambani njooni na chandarua. Akipata homa msisubiri mpaka mmalize ngwe, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo akapimwe.

Vitu ambavyo umeshalipia bila kujua

Kabla hujatoa hela mfukoni, hakikisha unatumia vile ambavyo ni haki yako.

Darasa la awali. Tangu mwaka 2016 shule za msingi za serikali hazitozi ada, na darasa la awali limo. Mtoto wa miaka 5 mpeleke. Hizo ni saa kadhaa za asubuhi ambazo yuko kwa mwalimu, anajifunza, na wewe uko shambani. Kwa nini umzungushe nyumbani mpaka afike miaka saba?

Zahanati. Kwa sera ya afya, watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito wanatakiwa kuhudumiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali. Chanjo ni bure. Kila miezi sita kuna matone ya vitamini A kwa watoto kuanzia miezi 6, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Pangeni kikundi kizima kiende siku moja, mama wawili wapeleke watoto wote na kadi zao.

Kazini. Wapo kina mama walioajiriwa kwenye mashamba ya mkonge na kwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini ana haki ya muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku. Baba anapata siku 3. Mwajiriwa, ijue sheria hiyo.

TASAF. Kaya iliyo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini inapata ruzuku, na sehemu yake inaendana na mtoto kuhudhuria kliniki na shule. Hela hiyo ina jina la mtoto. Isiishie kwenye mambo mengine.

Sio kila wa bei nafuu ni wa nafuu

Kuna "mlezi" mmoja wa bure ambaye anatumika sana huku kwetu: binti wa darasa la nne. Palizi ikianza, dawati lake linakuwa tupu. Anabaki na mdogo wake wiki mbili, wiki tatu, msimu wa vuli na msimu wa masika. Kwa mwaka ni mwezi mzima na zaidi. Akifika darasa la saba akifeli tunasema hana akili. Akili anayo, tulimkosesha masomo sisi. Na wengine hapo ndipo safari inapoanza: anaonekana hafai shule, anakuja mtu kutoka mjini anatafuta dada wa kazi, anachukuliwa. Sheria inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kumwachisha mtoto shule ya msingi ni kosa. Lakini hata sheria isingekuwepo, hesabu inakataa. Kuokoa shilingi 1,000 kwa siku kwa kumtoa binti darasani ni kula mbegu.

Na bibi naye. Bibi ni hazina, ila bibi wa miaka 75 mwenye macho yasiyoona vizuri hawezi kukimbizana na watoto wanne. Mpeni mmoja au wawili, na mumpe chochote. Kumpa bibi sabuni na sukari mwisho wa wiki ni malipo pia.

Baba je?

Nimeandika "kina mama" muda wote kwa sababu ndio wanaokuja kuniuliza. Lakini mtoto ana wazazi wawili. Baba, kama wewe unaanza kupalilia saa kumi na mbili asubuhi na mkeo anafika saa tatu kwa sababu ya mtoto, shamba hilo linakosa saa tatu za mtu mmoja kila siku. Gawaneni. Asubuhi baba alime, saa nne akae na mtoto kivulini, mama alime. Kaya zinazofanya hivyo nazijua, na mahindi yao hayana magugu. Hakuna mwanaume aliyepungukiwa kitu kwa kumnywesha mtoto uji. Na kama uko mjini, ongeza kwenye hela ya mbolea na hela ya mlezi. Mbolea bila palizi unalisha magugu.

Hela itoke wapi?

Hela ya malezi itengwe wakati wa mavuno, sio wakati wa palizi. Fanyeni hivi:

Kwanza, kila kaya itoe debe moja la mahindi siku ya kupukuchua, yakaushwe na kuhifadhiwa pamoja kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kaya kumi ni debe kumi, yaani gunia moja na nusu hivi na zaidi. Miezi ya njaa bei ikipanda, sehemu uzeni mlipe walezi, sehemu iwe uji.

Pili, kama mko kwenye VICOBA au kikundi cha kuweka na kukopa, fungueni mfuko mdogo wa pembeni wa watoto. Shilingi 500 kwa wiki kwa miezi mitano ni 10,000, ambayo ndiyo mchango wako wote wa njia ya tatu.

Tatu, ipo mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo sio wa kununulia uji, ni lazima urudi. Ila kikundi cha zamu kilichosajiliwa kinaweza kukopa kwa mradi wa kuku au mboga, na faida ikaendesha malezi.

Tusidhani ni tatizo letu peke yetu. India, mwaka 1969, walianza kuweka vituo vya watoto kwenye maeneo ya ujenzi ili watoto wa vibarua wasicheze kwenye matofali. Jirani zetu Kenya, mtaa wa Korogocho Nairobi, watafiti waliwalipia kina mama gharama ya kituo cha mchana, na waliolipiwa wakawa na kazi zaidi kuliko wasiolipiwa. Kote huko jambo ni lilelile: mama hakukosa nguvu wala akili ya kazi, alikosa mtu wa kubaki na mtoto.

Sasa fanya hivi wiki hii

Kabla ya mvua kushika, kaa na majirani wanne wenye watoto wadogo. Andikeni siku zenu za kupanda na za palizi. Mkitofautisha tarehe kwa siku tatu nne tu, zamu zinapangika vizuri zaidi. Hesabuni kwa bei zenu kama nilivyofanya hapo juu, mchague njia mnayoiweza, mjaribu wiki mbili. Ikishindikana mahali, rekebisheni kanuni, msivunje kikundi.

Yule mama wa magunia 6 sasa yuko kwenye zamu na wenzake saba. Siku yake ni Jumatano. Nilipopita juzi alikuwa amemaliza palizi ya kwanza na mahindi yako kwenye magoti. Mavuno tutayajua mwezi ukifika, siwezi kumsemea. Ila safari hii magugu hayajamtangulia.

Mimi nipo ofisi ya kata, na siku nyingine mtanikuta mashambani. Mkitaka nije kuwapimia bustani ya watoto au kuwaonyesha kuotesha viazi lishe, niiteni. Hiyo sitozi.

Kazi njema, na watoto wawe salama.